Kompyuta ya baba ina Windows XP na tenzi zake zote: niibadilishe vipi bila kupoteza kitu?

Assalam aleikum Mshauri,

Naendesha duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi hapa Langoni, Lamu. Duka ni la babangu. Yeye ndiye aliyelifungua, na kompyuta iliyomo aliinunua mwenyewe alipoachana na taipureta. Mpaka leo ina Windows XP.

Shida imeingia pole pole. Wateja wa barua, risala na kadi za harusi bado tunawahudumia kama kawaida. Lakini siku hizi wengi wanakuja kwa mambo ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), vyeti na marejesho ya kodi, na kompyuta yetu haifungui ukurasa hata mmoja. Mara inaandika kwamba cheti cha usalama si halali, mara skrini inabaki nyeupe tu. Umeme ukikatika, ikiwashwa tena tarehe inarudi mwaka 2002. Nawaelekeza watu kwenye saiba ya jirani, na wakishakwenda hawarudi.

Sasa sikiliza kilichomo ndani. Kuna barua za wateja za miaka mingi, kadi za harusi zilizopangwa kwa PageMaker, picha za arusi za ukoo mzima, na daftari la madeni ndani ya programu ya hesabu ambayo CD yake haijulikani iliko. Na kuna tenzi. Hizi ndizo zinazoninyima usingizi. Baba amekuwa akinakili tenzi na kasida kutoka kwenye miswada ya wazee, nyengine kwa herufi za Kiarabu, nyengine kwa hizi za kawaida. Baadhi ya miswada hiyo imeliwa na mchwa. Mingine wenyewe wameshatangulia mbele ya haki na hakuna ajuaye ilikoishia. Kwa hivyo kilichomo ndani ya mashine ndicho kilichobaki.

Nilimwita fundi. Akasema ataifomati na kuipiga Windows 10, kazi ya siku moja. Nikamuuliza, na mafaili je? Akajibu, "Yakiwa kwenye D hayana shida." Mimi nikitazama sioni D yoyote, naona C peke yake. Kaka yangu anasema fundi anaijua kazi yake, tumwachie. Baba amekataa kabisa. Ananiambia, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Nami niko katikati, simtaki baba aone namdharau, wala sitaki duka life mikononi mwangu.

Nimeangalia sifa zake: Windows XP Professional, Service Pack 3. Prosesa ni Pentium Dual-Core, RAM ni gigabaiti 1. Diski ni ya gigabaiti 160 na zimetumika kama 90. Kaka ana laptopu yenye Windows 11. Je, naweza kuipandisha kompyuta hii bila kupoteza kitu? Na baba nimwambie nini?

Mpiga Chapa,
Langoni, Lamu

*

Waaleikum salaam dada, na mfikishie mzee salamu zangu.

Nianze na jibu. Inawezekana, na hapana faili hata moja linalopaswa kupotea. Lakini haiwezekani kwa njia aliyoitaja fundi, na mzee amefanya vyema kumzuia.

Kabla hujaendelea kusoma, chukua flashi, ingia kwenye folda ya tenzi, uinakili yote. Maandishi ni mepesi. Kazi ya maisha mazima ya mtu anayeandika haijazi flashi ndogo, ni picha ndizo zinazokula nafasi. Ukimaliza, ifungue kwenye laptopu ya kaka uone kama mafaili yanafunguka. Ukikuta folda zimegeuka vialama vyenye kimshale pembeni, usivibonyeze, wala usiifomati flashi. Hicho ni kirusi kilichoenea sana katika kompyuta za zamani, kinaficha folda halisi na kuweka za uongo mahali pake. Mafaili yamo. Laptopu ikiamriwa kuonyesha yaliyofichwa pamoja na yale ya mfumo, utayaona.

Hiyo ni nakala ya dharura tu, ya kukuwezesha kulala usiku wa leo. Kazi yenyewe ni kubwa zaidi.

Nikuonyeshe kwanza kwa nini jibu la fundi lilikuwa la hatari. Kuna kompyuta ambazo diski yake imegawanywa sehemu mbili, C ya mfumo na D ya mafaili, na hapo kuifomati C hakugusi D. Yako haikugawanywa. XP kwa kawaida huweka anachohifadhi mtumiaji ndani ya folda iitwayo Documents and Settings, nayo imo C. Kama angeifomati C, tenzi, picha na madeni yote yangefutwa kwa dakika chache. Simtuhumu kwa ubaya. Amezoea kompyuta za watu wasiokuwa na chochote ndani isipokuwa nyimbo. Lakini mtu anayejibu swali la mafaili kabla hajatazama diski asiachiwe diski.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Microsoft haikuweka njia ya kuitoa XP hadi Windows 10 huku mafaili na programu vikibaki mahali pake. Aliyekuwa na Windows 7 au 8.1 aliweza kupanda moja kwa moja. Aliyekuwa na XP hakuweza, hata kwenda Windows 7. Kwa hiyo hapa "kupandisha" maana yake ni kuweka mfumo mpya kuanzia mwanzo, hakuna namna nyingine. Atakayekwambia kwamba ukisakinisha bila kufomati vitu vya zamani vitakaa kwenye folda ya Windows.old, anasema kweli, ila folda hiyo imetengenezwa ili ifutwe baadaye. Hiyo si nakala ya akiba.

Kwa hivyo zitenganishe kazi mbili: kuokoa mafaili, na kubadilisha mfumo. Ninyi wa Lamu mnalijua hili kuliko mimi: jahazi halipandishwi pwani kukalafatiwa na mzigo ukiwa ndani. Mzigo unashushwa kwanza, unahesabiwa, unawekwa pakavu. Baada ya hapo fundi agonge anavyotaka.

Na hapa ndipo ushauri wangu ulipo, mengine yote yanaufuata: diski ya mzee isifutwe kabisa. Isifomatiwe leo, wala mwezi ujao, wala mfumo mpya usiwekwe juu yake. Itolewe ndani ya kompyuta ikiwa nzima vilevile ilivyo, ihifadhiwe, na mfumo mpya uwekwe kwenye diski nyingine, mpya, tupu. SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ya gigabaiti 240 inatosha sana, na siku hizi ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu. Kwa gharama hiyo unanunua uhakika kwamba hata kila kitu kikiharibika, unairudisha diski ya zamani, unawasha, na kompyuta ya babako iko kama ulivyoiacha. Fundi akikwambia hakuna haja ya diski nyingine, hapo ndipo mmeagana.

Sasa kushusha mzigo. Nakushauri usinakili kwa kutumia XP yenyewe. Ikikutana na faili moja bovu katikati ya kazi, inasimama na kuacha mengine yote, nawe hujui lipi limepita na lipi limebaki. Isitoshe, diski mpya za nje nyingi huja kwa mpangilio wa exFAT ambao XP haiusomi bila nyongeza. Tumia laptopu ya kaka. Kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, diski itolewe, iunganishwe na laptopu kwa adapta ya SATA kwenda USB. Ukinunua adapta, hakikisha ina chaja yake ya umeme. Diski ya kompyuta ya mezani inahitaji volti 12, na zile adapta ndogo za kebo moja ya USB ni za diski za laptopu, haziwezi kuizungusha. Watu hudhani diski imekufa, kumbe imekosa umeme.

Ukishaiunganisha, soma kila Windows inachokuuliza kabla ya kubonyeza. Ikisema diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, bonyeza Cancel. Ikitaka kuikagua na kuirekebisha, kataa pia, mpaka uwe na nakala. Ikisema huna ruhusa ya kuingia kwenye folda ya mtumiaji fulani na kukuonyesha Continue, hiyo ikubali, ni kufuli ya jina la mtumiaji wa zamani tu. Na ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, ichomoe mara moja usiilazimishe. Hiyo inakufa, na kila dakika inayozunguka inaondoka na kitu.

Usichague cha kunakili. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo watu wenye uangalifu hupotezea vitu. Mtu anachukua My Documents na picha, anaridhika, kisha baada ya miezi anakumbuka kwamba barua pepe za Outlook Express zilikuwa kwenye folda iliyofichwa, au programu ya hesabu ilikuwa inaweka madeni ndani ya Program Files, au mafaili ya PageMaker yalihifadhiwa popote mkono ulipoangukia. Wewe una gigabaiti 90 tu. Nakili C nzima, iliyofichwa na isiyofichwa. Mafaili machache ya mfumo yatakataa, yaruke. Kwa USB ya kawaida ya diski za zamani, mafaili makubwa ya kiasi hicho huchukua kama saa moja, lakini madogo madogo yanachelewesha sana, basi tenga siku nzima, na laptopu iwe na chaji ya kutosha umeme ukikatika.

Kitu kimoja ukitazame mapema, XP ikiwa bado inawaka. XP Professional ina uwezo wa kufunga mafaili kwa msimbo, na majina yake huonekana kwa rangi ya kijani. Ukiyaona, ingia kwenye sifa zake uuondoe msimbo huo hapo hapo kwa jina la mtumiaji wa mzee. Ukiyahamisha yakiwa yamefungwa, kwenye kompyuta nyingine hayatafunguka.

Nunua diski ya nje ya jina linalojulikana, dukani unapoweza kumrudishia mtu. Zimejaa sokoni flashi na diski zinazodai terabaiti 2 kwa bei ya kutupa, nazo ndani zina nafasi ndogo mno. Zinapokea kila unachotia, zinaonyesha majina ya mafaili, lakini nafasi halisi ikishajaa yanayofuata ni matupu. Kwa sababu hii usitosheke kuona orodha ya majina. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake kwenye sifa za folda, kisha fungua mafaili yenyewe, ya zamani kabisa, ya katikati na ya karibuni.

Nakala hizo ziwe mbili, kwenye vyombo viwili. Moja ikae nyumbani. Nyingine mpe ndugu anayeishi Mombasa au Malindi, nje ya Lamu. Moto, maji au mwizi wakipita nyumba moja wasikute kila kitu hapo.

Nije sasa kwenye tenzi za herufi za Kiarabu, maana hapo kuna mtego ambao fundi wengi hawaujui kabisa. Faili linaweza kunakiliwa salama, likafunguka, na bado utenzi ukawa umepotea. Zamani ilikuwa kawaida kuandika herufi zisizo za Kilatini kwa fonti maalumu. Kompyuta ilikuwa inahifadhi herufi za kawaida, a, b, k, na fonti ndiyo iliyozivisha sura ya alifu, be na kafu. Ikikosekana fonti ile, ukurasa mzima unageuka takataka. Na kwa Kiswahili sababu ya kutumia fonti kama hiyo ilikuwapo, kwa kuwa kibodi ya Kiarabu ya kawaida haina herufi za p, ch wala v ambazo waandishi wetu wa pwani wanazihitaji katika kila ubeti.

Kulijua hili ni rahisi. Kwenye XP, fungua utenzi mmoja, tengeneza nakala yake yenye jina jingine, chagua mstari mmoja, badilisha fonti iwe Times New Roman. Herufi zikibaki za Kiarabu, mshukuru Mungu: zimehifadhiwa kwa Unicode, utaratibu wa pamoja wa kuhifadhi herufi za lugha zote, na zitasomeka kwenye kompyuta yoyote ya leo. Zikigeuka herufi za Kilatini na alama zisizoeleweka, basi utenzi unaishi ndani ya fonti, na fonti hiyo ni sehemu ya mswada. Andika jina lake. Iko kwenye folda ya Fonts ndani ya folda ya Windows, ambayo ukinakili C nzima utakuwa umeichukua, lakini ichukue pia peke yake uiweke pamoja na tenzi. Kisha, XP ikiwa bado hai, chapisha tenzi hizo zote karatasini, au zihifadhi kama PDF, ambayo hubeba fonti yake ndani. Ningefanya vyote viwili. Karatasi nzuri ndani ya nyumba kavu haihitaji kupandishwa toleo. Na kadi za PageMaker unazozithamini zifanyie PDF vilevile, kwa kuwa programu hiyo iliachwa zamani na watengenezaji wake.

Kuhusu mfumo mpya, Windows 11 iondoe akilini kwa mashine hii. Inataka RAM ya gigabaiti 4, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa ambazo kwa upande wa Intel zinaanzia kizazi cha nane. Yako ni ya zamani zaidi ya hapo kwa miaka mingi. Windows 10 aliyokuahidi fundi ilifikia mwisho wa masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ungelipa kutoka kwenye mfumo uliokwisha muda tarehe 8 Aprili 2014 na kuingia kwenye mwingine uliokwisha muda. Kibaya zaidi, Windows nyingi za kupigwa mitaani hufunguliwa kwa programu za kuvunja leseni, na programu hizo mara nyingi huja na virusi. Duka lenye nambari za vitambulisho na nywila za wateja lisiguse kitu hicho.

Ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, ile ya Xfce, ambayo ndiyo nyepesi. Ni ya bure na halali. Toleo la 22 lilitoka 2024 na litaendelea kupata masahihisho hadi 2029. Inahitaji RAM isiyopungua gigabaiti 2, na 4 ndizo zinazostarehesha. Kompyuta za rika la yako nyingi hutumia RAM ya DDR2 na hukubali kufikia gigabaiti 4, fundi atazame bodi kwanza. Faili la kusakinishia ni kama gigabaiti 3, kaka alipakue usiku bando likiwa nafuu, alitie kwenye flashi ya gigabaiti 8. Mint inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, kwa hivyo mtajaribu printa, skana na intaneti kabla ya kuamua. Firefox iliyomo itafungua eCitizen. LibreOffice itafungua barua zenu za Word. Kwa fomu za kodi za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, endelea kutumia laptopu ya kaka mpaka duka liweze kununua kompyuta ya mkono wa pili ya kizazi cha nane au zaidi yenye leseni yake ya Windows 11. Hiyo ndiyo ingekuwa hatua inayofuata, na hata hapo mafaili yenu yatahamia bila shida, kwa sababu kazi ngumu mtakuwa mmeshaimaliza.

Tarehe kurudi 2002 ni betri ndogo ya bodi imekwisha, CR2032, ya duara bapa. Ibadilishwe siku hiyo hiyo. Tarehe mbaya peke yake inatosha kufanya tovuti zikatae, kwa kuwa vyeti vya usalama vina siku ya kuanza na ya kuisha. Lakini kubadilisha betri hakutaifanya XP ifae kwa intaneti. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu. Nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekewa sahihisho lililokuwa limetoka tangu Machi. Microsoft ilitoa sahihisho la dharura hata kwa XP, lakini hakuna wa kuahidi kwamba itafanya hivyo tena. Kirusi cha namna hiyo hufunga mafaili, na wewe una tenzi ambazo nakala yake ya pili haipo duniani. Chomoa kebo ya intaneti kwenye XP leo.

Programu ya hesabu haitaendelea kwenye Mint, na CD haipo. Angalia kwenye menyu zake kama inaweza kutoa orodha ya madeni kwenda Excel. Kama haiwezi, chapisha orodha yote ya wanaodaiwa na uiandike upya kwenye jedwali. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni ya mara moja. Ukihitaji kumbukumbu ya nyuma, irudishe diski ya zamani kwenye kompyuta, SSD ikiwa imechomolewa na intaneti pia. Diski hiyo ifungie kwenye mfuko wake wa kuzuia umemetuli, kisha ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Hewa yenu ya chumvi haisamehi chuma.

Kaka mpe kazi ya laptopu na adapta, aone mwenyewe ukubwa wa mzigo uliokuwa uende. Fundi huyo huyo anaweza kuitwa tena, akiambiwa masharti mbele ya mzee: diski inatolewa, haifutwi. Na msianze karibu na Mfungo Sita, mji ukijaa wageni wa Maulidi na duka likijaa kadi na risala.

Kwa mzee, mwambie kweli ilivyo: kwamba alichokikataza hakitafanywa. Kisha muombe msaada, maana kuna kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Wewe na mimi tunaweza kuhesabu mafaili. Kujua kwamba ubeti haukupoteza irabu, kwamba nukta haikuruka kutoka herufi moja hadi nyingine, hilo analijua yeye. Aketi na karatasi zilizochapishwa kutoka XP, wewe usome kwenye skrini mpya, yeye asikilize na kufuata. Menyu za LibreOffice zinakaribiana na zile za Word ya zamani kuliko Word ya sasa, hatapotea. Muongezee kibodi ya Kiarabu, na kama fonti yake ilikuwa ile ya kizamani, mpe Scheherazade New ya SIL, ambayo ni ya bure na inazo herufi za ziada, kwa tenzi atakazoandika kuanzia sasa. Penye kosa, msikisie. Rudini kwenye faili la asili.

Ukishafanya lile jaribio la Times New Roman, niandikie matokeo. Kama herufi ziligeuka, nitumie jina la fonti na mistari miwili mitatu ya utenzi wowote ambao mzee ameridhia utoke, tuone namna ya kuzigeuza tenzi hizo ziwe Unicode bila kuanza kuziandika upya.